Siku ya 47 bila kupumzika, na ugoko unauma

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 36, mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Nilianza mazoezi miezi minne iliyopita baada ya kupimwa na kuambiwa sukari imepanda kidogo, ingawa haijafika kuitwa kisukari. Jumatatu hadi Ijumaa nakimbia kilomita 5 alfajiri. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi jioni naenda jimu. Jumapili nakimbia kilomita 12 na klabu yetu ya jogging. Mwendo wangu ni dakika 6 na sekunde 10 kwa kilomita, siku zote. Nimejiandikisha nusu marathoni ya Moshi, zimebaki wiki kumi. Kundi letu la WhatsApp lina changamoto ya siku 60 bila kukosa hata moja, na mimi niko siku ya 47. Tatizo ni ugoko wa kulia: nikibonyeza kwa kidole, kuna mahali pamoja panauma sana. Kocha wa jimu anasema hiyo ni dalili mwili unajengeka, na kwamba kupumzika ni kwa wavivu. Kabla ya changamoto niliwahi kupumzika siku mbili, mzani ukapanda kilo nzima, nikaogopa. Usiku nimeacha wali na ugali. Siku zangu pia zimeruka miezi miwili, si mimba, nadhani ni uchovu tu. Naomba kujua: kwa wiki mtu apumzike mara ngapi? Na nikipumzika, si nitarudi nyuma?

Mama Wawili, Tabata

JIBU

Marahaba, mwalimu. Kwanza niweke sawa jambo moja: mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi yangu ni kuwarudisha watu kwenye miguu yao baada ya kuumia, na wengi wanaokuja kwangu siku hizi si wachezaji wa ligi. Ni walimu, makarani, wenye maduka Kariakoo, watu walioanza tizi kwa nia njema kabisa na hawakuambiwa mahali pa kusimama.

Umeuliza namba, nakupa namba. Mtu mwenye miezi minne ya mbio akimbie siku tatu kwa wiki, nne zikizidi sana, na zisifuatane kama ratiba inaruhusu. Vyuma anyanyue mara mbili. Na siku moja kati ya saba iwe tupu: hakuna mbio, hakuna vyuma, hakuna skwati za kundi (zile za kuchuchumaa na kuinuka). Akitimiza mwaka bila kuumia, tutazungumza upya.

Lakini namba hiyo ni ya mtu mwenye ugoko mzima. Wewe jibu lako ni fupi zaidi: acha kukimbia leo. Usisubiri siku ya 60.

Nimekuwa mkali kwa sababu ya maneno mawili uliyoandika, "mahali pamoja". Maumivu ya ugoko kwa wakimbiaji wapya ni ya kawaida mno, na mara nyingi ni yale yanayosambaa upande wa ndani wa mfupa, sehemu ya chini, urefu wa vidole vinne au zaidi. Yanauma ukianza kukimbia, yanalegea mwili ukipata moto, halafu yanarudi jioni umekaa. Hayo hutulia kwa kupunguza mbio wiki chache na kuimarisha vigimbi. Maumivu yanayofunikwa na ncha ya kidole ni habari nyingine. Kama yanazidi kadiri unavyoendelea kukimbia badala ya kulegea, kama yanauma hata usiku umelala, kama ukiruka kwa mguu huo mmoja unauma mfupani, basi lazima tuwaze kwamba mfupa wenyewe umeanza kupata ufa. (Usiruke sasa hivi kujaribu. Najua umeshasimama.)

Ufa wa namna hii hauletwi na kuanguka wala ajali. Unakuja kwa yale waliyosema wazee, bandu bandu huisha gogo. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, aitwaye Breithaupt aliandika kuhusu askari waliokuwa wakivimba nyayo na kuumwa baada ya gwaride ndefu. Hakuna aliyeweza kuona ndani, maana eksirei ilikuwa bado miaka 40. Ilipokuja ikaonekana ni mifupa ya unyayo iliyopasuka kwa kutembea tu, hatua baada ya hatua. Na hata leo picha ya eksirei katika wiki mbili tatu za mwanzo inaweza kutoka safi wakati ufa upo. Hilo nalijua kwa mguu wangu mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi nilikimbia kila siku kwa miezi miwili nikijiandaa na mashindano ya vyuo. Unyayo ukaanza kuuma, nikapiga picha, mfupa ukaonekana mzima, nikarudi barabarani kwa furaha. Wiki ya tatu sikuweza kukanyaga chini, nilienda darasani kwa magongo.

Kwa hiyo nenda ukapimwe wiki hii, na picha ikitoka safi usiichukue kama cheti cha kurudi klabuni Jumapili. Mwonyeshe daktari mahali penyewe kwa kidole, mweleze mwezi huu umekimbia kiasi gani, na maumivu yakiendelea wiki mbili rudi upimwe tena. Kipimo cha MRI, picha ya ndani inayopigwa kwa sumaku, huona mapema zaidi, ingawa najua bei yake si ya kila mtu. Mwambie pia kama maumivu yako upande wa mbele kabisa wa mfupa, pale unapoushika moja kwa moja chini ya ngozi. Ufa wa upande huo hupona kwa shida kuliko wa upande wa ndani, na daktari hautibu kwa njia ileile.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe. Kwa nini mwili unadai siku za kupumzika, wakati babu zetu walishika jembe kila siku? Hoja ya babu naisikia sana. Walishika jembe, ndiyo, lakini walianza wakiwa watoto wadogo, mzigo ukakua pamoja na mifupa yao, na kilimo kilikuwa na msimu wake wa kukaa barazani. Wewe umetoka kwenye kiti cha ofisi ya walimu hadi kilomita 37 kwa wiki ndani ya miezi minne.

Ukirudi kutoka mbioni unaingia nyumbani na mwili dhaifu kuliko ule uliotoka nao. Nguvu inakuja baadaye, wakati umekaa, umekula, umelala. Hilo watu wengi wanalifahamu. Wasichoambiwa ni kwamba kila sehemu ya mwili inajirekebisha kwa kalenda yake, na kalenda hizo hazifanani hata kidogo.

Damu na moyo ndio wepesi kuliko wote. Ndani ya siku chache za mazoezi maji ya damu huongezeka, na wiki mbili tatu baadaye unaona ngazi ulizokuwa unazipanda kwa kuhema sasa unazipanda unaongea. Akiba ya wanga kwenye misuli, inayoitwa glaikojeni, hujazwa kwa siku moja kama umekula vizuri; baada ya mbio ndefu inaweza kuchukua siku mbili. Misuli ikishapigwa na vyuma vizito inaendelea kujijenga kwa saa 24 hadi 48, ndiyo maana hatumpi mtu skwati nzito Jumatatu na Jumanne. Kano, zile kamba ngumu zinazoshika msuli kwenye mfupa, kama ile ya nyuma ya kisigino, zinakwenda kwa wiki na miezi kwa sababu damu inayozifikia ni kidogo.

Mfupa ndio wa mwisho, na una tabia ya ajabu. Ukiuongezea mzigo, kwanza unajichimba. Chembe maalumu hula mfupa wa zamani kwa wiki mbili tatu, halafu mafundi wengine huja kujaza mfupa mpya, na kazi yao huchukua miezi mitatu hivi. Katikati hapo kuna kipindi ambacho mfupa una vishimo visivyojazwa, na kipindi hicho ndicho mkimbiaji mpya anajisikia vizuri kuliko wakati wowote! Pumzi imekaa sawa, uzito umepungua, watu wanamsifia. Anaongeza kilomita. Pumzi inamwambia endelea, na mfupa hauna sauti mpaka uume.

Hapo ndipo ulipo wewe. Tazama wiki yako kwa macho ya miguu. Jumamosi jioni jimu, na kama kocha wako ni kama makocha wengi ninaowajua, skwati hazikosi. Jumapili alfajiri kilomita 12. Jumatatu alfajiri tena barabarani. Mara tatu ndani ya saa 36, na usiku mmoja kati ya hizo umelala na miguu ambayo haijamaliza kazi ya jana. Pengo refu kuliko yote ulilowapa mifupa na kano zako kwa wiki nzima ni kutoka Ijumaa alfajiri hadi Jumamosi jioni. Siku moja na nusu, basi. Kisha unasimama darasani saa sita mbele ya ubao, jambo ambalo hakuna kocha anayeliweka kwenye hesabu. Fundi ujenzi, mama ntilie, kijana wa kubeba mizigo sokoni, hawa wote wamekwisha kutumia sehemu ya miguu yao kabla hawajavaa raba, na siku zao za kupumzika zinapaswa kuwa nyingi kuliko za mtu anayeshinda kwenye kompyuta. Watu wengi hupanga kinyume chake.

Kuhusu kauli ya kocha wako kwamba maumivu ni mwili kujengeka: kuna maumivu ya aina moja anayoweza kuyatetea. Ni ule ukakamavu wa nyama za paja unaokupata kesho yake ukashindwa kukaa chooni, unaokolea siku ya pili au ya tatu, kisha unaisha. Huo ni msuli uliofanya kazi usiyoizoea, hasa kazi ya kushusha uzito au kuteremka mlima. Si asidi ya laktiki, ile inayotokea kwenye misuli wakati wa kazi kali, ingawa kila jimu watakwambia hivyo. Asidi hiyo huwa imeshaondoka ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Maumivu ya mfupa, ya kiungo, ya kano, hayajengi chochote. Na uvivu hauhusiki kabisa hapa.

Nichukue mfano wa watu ambao hakuna atakayewaita wavivu. Eliud Kipchoge, bingwa wa marathoni wa Kenya, na wenzake wa kambi ya Kaptagat, chini ya kocha Patrick Sang, enzi za ubingwa wake walikimbia zaidi ya kilomita 200 kwa wiki. Ukisikia namba hiyo unaweza kudhani kila siku ilikuwa vita. Lakini kazi kali ilikuwa siku tatu: Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu ya kilomita 30 au 40, Jumamosi mbio za kubadilisha kasi. Kati ya hizo walikimbia polepole, na wikiendi walirudi nyumbani kwa familia zao. Kipchoge alishinda marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2:01:09, yaani takriban dakika 2 na sekunde 52 kwa kila kilomita. Siku zake nyepesi alikimbia zaidi ya dakika 4 kwa kilomita, na alianza taratibu zaidi ya hapo. Pengo kati ya kasi yake na upole wake lilikuwa zaidi ya dakika nzima.

Wewe pengo lako ni sifuri. Dakika 6:10 Jumatatu, 6:10 Jumatano, 6:10 Jumapili. Kwangu mimi hili ni tatizo kubwa kuliko idadi ya siku. Mtu anayekimbia mwendo mmoja wa kati, usio mkali wa kutosha kumwongezea kasi wala mwepesi wa kutosha kumpumzisha, atahitaji siku nyingi za kulala chali kuliko mtu anayejua kwenda polepole. Siku yako nyepesi, ukishapona, iwe dakika 7 au 7 na nusu kwa kilomita. Kipimo ni mchakamchaka wa shuleni: kama huwezi kuitikia wimbo, unakwenda kasi mno. Najua klabuni watakupita. Waache wakupite.

Tuongelee ile kilo moja, maana naona ndiyo inayokutisha kuliko ugoko. Misuli ya mtu mzima huhifadhi glaikojeni gramu 400 hadi 500, na kila gramu hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ukikimbia kila siku huku usiku huli wanga, ghala hilo liko nusu tupu muda wote. Ukipumzika siku mbili linajaa, na maji yanajaa pamoja nalo. Mzani unapanda kilo, na kilo hiyo haina mafuta hata kidogo. Ili mtu aongeze kilo moja ya mafuta kwa siku mbili ingembidi ale sufuria za pilau ambazo hata kwenye harusi hazimalizwi na mtu mmoja.

Na kurudi nyuma? Siku moja haikurudishi. Siku tatu hazikurudishi. Uwezo wa pumzi huanza kushuka kwa kiasi cha kuonekana mtu akikaa bila mazoezi yoyote kwa siku kumi hadi wiki mbili, na nguvu ya misuli hudumu wiki tatu au nne kabla haijaanza kupungua kwa maana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na kazi ya misuli angalau siku mbili. Wewe kwa mbio peke yake una dakika karibu 230. Ungeacha siku mbili nzima kila wiki bado ungekuwa ndani ya kiwango.

Sasa niseme kuhusu mstari mmoja ulioupitisha haraka, siku zako kuruka miezi miwili. Mwalimu, huo si "uchovu tu". Mwili wa mwanamke ukiona chakula kinachoingia hakitoshi kwa kazi unayoipa, unaanza kuzima shughuli ambazo unaona zinaweza kusubiri, na hedhi ni miongoni mwa za kwanza. Tatizo ni kwamba homoni ileile inayoshuka, estrojeni, ndiyo mlinzi wa mifupa yako. Kwa hiyo mkimbiaji anayeruka hedhi na mkimbiaji anayepata ufa kwenye mfupa mara nyingi ni mtu mmoja, na ndiyo maana nilipousoma mstari huo nilirudi kusoma tena ule wa ugoko. Hakuna siku za kupumzika zitakazotibu hilo kama hakuna chakula. Kapime mimba hata kama una uhakika, pima wingi wa damu, mwambie daktari kuhusu hedhi bila haya, na usiku rudisha sahani ya wanga. Si lazima mlima wa ugali. Kwa sukari yako kiasi cha ngumi moja ya ugali wa dona au viazi vitamu, maharage au dagaa, na mboga, kinakutosha na hakikudhuru.

Sukari yako inanilazimisha kuweka mpaka upande wa pili pia. Mazoezi huisaidia misuli kuchota sukari kwenye damu, na faida hiyo hudumu siku moja hadi tatu kisha hufifia. Kwa hiyo mtu mwenye kisukari, au aliye karibu nacho kama wewe, tunamshauri asipitishe siku mbili mfululizo bila kuushughulisha mwili kabisa. Siku tupu niliyokuambia ni tupu ya mbio na vyuma. Kutembea nusu saa jioni baada ya chakula kunaruhusiwa, mguu ukikubali bila maumivu.

Wengine watakaosoma hapa wana hali zao, nazigusa kwa kifupi. Aliyevuka miaka 50 aache hata siku tatu kati ya vyuma vizito vya misuli ileile. Aliyetoka kuugua malaria, au mwenye homa yoyote, asikimbie mpaka homa iishe na nguvu zirudi. Kuilazimisha homa "itoke kwa jasho" ni hatari kwa moyo. Anayefunga Ramadhani apunguze ukali, si lazima aache. Muda mzuri kwa wengi ni karibu na futari au baada yake.

Na kwa wenye makundi ya changamoto za siku thelathini, sitini, skwati mia tatu kwa siku: nimeona vijana waliolazwa kwa sababu yake. Misuli ikisagwa kupita kiasi kwa mtu asiyezoea, vipande vyake huingia kwenye damu na kuziba figo. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea baada ya mazoezi, na misuli imevimba na kulegea, usiishie kunywa maji na kulala. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Hapa kwetu wengi wana kinasaba kimoja cha selimundu bila kujua, na hao hatari yao ni kubwa zaidi wakijilazimisha kwenye joto. Kama kuna selimundu kwenye ukoo, pima ujue.

Turudi kwako. Ukiniuliza mtu atajuaje anahitaji siku ya ziada, mimi natumia mapigo ya asubuhi. Kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu dakika nzima, andika. Baada ya wiki moja utajua namba yako. Asubuhi ukiikuta imepanda mapigo saba, nane, kumi, na jana ulilala vibaya au koo linawasha, siku hiyo imekwisha kuamuliwa. Anayetumia dawa za presha kipimo hiki kinaweza kumdanganya, maana baadhi yake hushusha mapigo. Dalili nyingine haihitaji kuhesabu: ukianza kuwagombeza watoto kwa mambo ambayo mwezi uliopita ulicheka nayo, angalia ratiba yako kwanza.

Halafu kuna usingizi. Hukuandika unalala kwa saa ngapi, lakini mwalimu mwenye watoto wawili, madaftari ya kusahihisha, na mbio za saa 11 alfajiri, naweza kukisia. Siku ambayo umelala kwa muda wa saa tano tu, kengele ikilia, kuzima simu na kulala tena ni mazoezi bora kuliko zile kilomita. Nasema hivi nikijua wapo watakaokasirika. Na siku tupu iwe tupu kweli. Wanawake wengi ninaowatibu siku yao ya kupumzika ndiyo ya kufua nguo za wiki nzima, kwenda sokoni Ilala na kurudi na mizigo, na kusimama jikoni mpaka saa mbili usiku. Hiyo naihesabu kama siku ya mazoezi mazito. Zungumza na wa nyumbani mapema, kazi zigawanywe. Na kama haziwezi kugawanywa, basi siku ya kufua isiwe pia siku ya jimu.

Ratiba yako kwa sasa, mpaka upate majibu ya daktari: hakuna kukimbia, hakuna kuruka kamba, hakuna skwati za uzito. Jimu nenda mara mbili kwa mikono, kifua na mgongo ukiwa umekaa. Baiskeli ya jimu au kuogelea, kama hakukugusi maumivu, siku mbili au tatu, na hapo pumzi yako haiendi popote. Jumapili tupu.

Ikiwa si ufa, baada ya wiki mbili hadi nne tutaanza na kutembea dakika tatu, kukimbia dakika moja, siku tatu kwa wiki, na Moshi unaweza kufika ukikubali kutembea vipande vya ule mpando wa kuelekea Mweka. Ikiwa ni ufa, mfupa utadai wiki sita hadi nane bila mbio, na nusu marathoni ya mwaka huu haipo. Moshi kuna mbio za kilomita 5 siku hiyohiyo. Nenda na watoto, mtembee.

Kundi la WhatsApp waandikie leo kwamba umesimama siku ya 47 na useme sababu ni nini. Nina hakika kuna wawili watatu humo ndani wanaoficha goti. Na ukienda kupimwa, beba zile raba unazokimbilia, hata kama zina matope. Soli iliyolika upande mmoja itamwambia anayekupima mengi kuhusu mguu huo, na ikiwa una jozi hiyohiyo tangu siku ya kwanza, yawezekana nazo zimeshachoka.